Uzoefu wangu: chujio la hewa la kufuliwa kwenye Toyota IST

Gari langu ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, na injini yake ni 1NZ-FE yenye ujazo wa cc 1,496. Ninaishi Dodoma, ambako kiangazi huanza mwezi Mei na vumbi halitulii mpaka mvua zirudi mwishoni mwa mwaka, kwa hiyo chujio la hewa ni kifaa ninachokifuatilia kwa karibu. Baada ya kutumia machujio ya karatasi kwa muda mrefu, nilinunua Kariakoo chujio la pamba lililoshikiliwa na wavu wa alumini pande zote mbili, ambalo hupakwa oili maalumu, na likichafuka hufuliwa na kurudishwa. Chapa yake siitaji, kwa kuwa ninayoyaeleza yanahusu aina hii ya chujio kwa jumla.

Kulifunga ni kazi ya nyumbani. Nilisubiri injini ipoe, nikachomoa kwanza soketi ya waya wa sensa ya hewa, yaani kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, iliyo kwenye mfuniko wa boksi la chujio, kisha nikafungua klipsi na kuunyanyua mfuniko taratibu ili uchafu usidondokee upande unaoelekea kwenye injini. Ndani ya boksi, chini ya chujio la zamani, kulikuwa na mchanga laini, majani makavu na mabawa ya wadudu. Vyote nilivifuta kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kugusa kipya.

Sehemu inayodai subira ni ukingo wa mpira. Mpira wa chujio hili ni mnene kidogo kuliko ule wa karatasi, na pembe iliyo upande wa kioo cha mbele haionekani vizuri, hivyo nilimulika kwa tochi ya simu huku nikipitisha kidole kuzunguka ukingo wote mpaka nikahakikisha kwamba umekaa kwenye mfereji wake bila kujikunja. Mfuniko nao una ndimi za nyuma ambazo lazima ziingie kwenye nafasi zake kabla ya kubana klipsi za mbele. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu injini yenye mipigo minne hujaza kila silinda mara moja katika kila mizunguko miwili, na kwa hesabu hiyo injini ya lita 1.5 inayozunguka mara 3,000 kwa dakika, mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho, inaweza kuvuta karibu lita 2,250 za hewa kila dakika. Hewa hiyo ikipata upenyo pembeni, itapita hapo pamoja na mchanga wake, na mchanga ndio unaokwaruza kuta za silinda na kula ringi za pistoni mpaka gari lianze kumaliza oili.

Kuhusu nguvu na matumizi ya mafuta, matangazo ya machujio haya huahidi mengi, lakini mimi sikuona tofauti yoyote kituoni wala barabarani, isipokuwa mvumo wa hewa unaosikika zaidi kidogo ninapokanyaga mafuta kupanda mlima. Hilo halikunishangaza. Mwaka 2009, Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba, katika magari ya petroli yenye kompyuta ya kudhibiti mafuta, hata chujio lililoziba halikubadilisha ulaji wa mafuta kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni uwezo wa gari kuchanganya kasi. Kama chujio lililoziba halileti tofauti hiyo, basi chujio safi la karatasi kubadilishwa kwa safi la pamba kutaleta tofauti ndogo zaidi.

Kipimo nilichokijali zaidi kilikuwa vumbi. Baada ya majuma ya kutembea kwenye lami nilivua mpira unaopitisha hewa kutoka kwenye chujio kwenda kwenye injini, nikapitisha kitambaa cheupe ndani yake, na kitambaa kikatoka safi. Nilirudia baada ya safari za vijijini kwenye barabara za vumbi, mara nyingi nikiwa nyuma ya malori, na safari hii kitambaa kilibaki na alama hafifu ya rangi ya udongo, ingawa ukingo ulikuwa umekaa sawasawa. Chujio la karatasi lililo zima halikuwahi kunipa alama ya namna hiyo. Kwa hiyo uamuzi wangu ni kwamba la pamba ninalitumia mjini, na ninapokwenda kukaa vijijini wakati wa kiangazi ninarudisha la karatasi, ambalo silipulizi kwa upepo wa kompresa, maana upepo mkali huchana nyuzi za karatasi na kuacha matundu yasiyoonekana kwa macho.

Kufua nako kuna masharti yake. Dawa ya kufulia hupakwa, kisha maji ya mgandamizo mdogo hupitishwa kutoka upande safi kuelekea upande mchafu, na chujio hukaushwa kivulini bila kupulizwa. Oili inayofuata iwe kidogo, mstari mmoja juu ya kila kunjo, na iachwe ienee yenyewe kwa dakika kama 20. Oili ikizidi, huvutwa na kugandia kwenye waya unaopashwa joto ndani ya sensa ya hewa. Waya uliofunikwa haupoi inavyotakiwa, kompyuta inadhani hewa ni kidogo, inapunguza mafuta, na taa ya injini inaweza kuwaka pamoja na kodi ya hitilafu P0171, inayomaanisha kwamba mafuta ni machache kuliko hewa. Baada ya kufua mara ya kwanza nilimwomba fundi apime kwa mashine, naye hakukuta kodi yoyote.

Bei yake ilikuwa takriban mara nne ya chujio la karatasi, na gharama hiyo inarudi kwa anayetembea zaidi kwenye lami na yuko tayari kufua kwa utulivu. Anayelitaka anunue dawa ya kufulia na oili yake siku hiyohiyo, kwa sababu hapa Dodoma nimevitafuta kwenye maduka ya vipuri bila kuvipata, na oili ya injini haiwezi kushika nafasi yake.