Massey Ferguson 135 ya mtumba: pima haidroliki kabla ya kusikiliza injini

Mnunuzi wa trekta ya Massey 135 akifika kwa muuzaji mkoani Mwanza, iwe Buhongwa, Usagara au Magu, kitu cha kwanza huwashiwa injini. Perkins inanguruma, moshi unakatika, bei inapanda. Hapo ndipo wengi wanapopigwa. Injini ya trekta hii ina mafundi Kanda ya Ziwa nzima na vipuri vyake si vya kutafuta kwa tochi. Kilichoifanya 135 iwe na jina ni lifti ya haidroliki, inayonyanyua plau kwa nguvu ya oili. Kiko nyuma ya kiti, ndani ya oili, na ndicho kinachokufa kimyakimya wakati injini bado inaimba.

Tuanze na kwa nini kitu hicho kina thamani. Zamani plau ilikokotwa na trekta kwa mnyororo au nondo, kama inavyokokotwa na maksai. Trekta ya Fordson ya mwaka 1917 ilikuwa nyepesi na ya bei rahisi, lakini plau ikinasa kwenye jiwe au kisiki, magurudumu ya nyuma yakiendelea kusukuma, pua iliinuka na trekta kumwangukia dereva. Harry Ferguson, fundi wa Ireland aliyepewa kazi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya kuzungukia wakulima na kuwafundisha kutumia trekta, aliona kwamba trekta na plau viwe mwili mmoja: mikono miwili ya chini inavuta, mkono mmoja wa juu, yaani toplinki, unasukuma, na haidroliki inabeba. Hataza ya udhibiti wa kina kwa haidroliki aliipata katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1936 ikatoka Ferguson-Brown, mwaka 1939 Ford 9N baada ya yeye na Henry Ford kukubaliana kwa kupeana mikono tu, na mwaka 1946 TE20 ya Coventry. Makubaliano yale ya mikono yaliishia mahakamani, Ford wakalipa dola milioni 9.25 mwaka 1952. Na sisi tunaouziana trekta bila maandishi tungepaswa kulisoma hilo mara mbili. 135 ilianza kutoka mwaka 1964 na Uingereza iliiunda hadi 1975. Ni mjukuu wa moja kwa moja wa TE20.

Udhibiti huo, uitwao drafti, unavyofanya kazi: udongo ukiizuia plau, plau inataka kupinduka mbele, kwa hiyo toplinki inasukuma springi nene iliyo nyuma ya difu. Springi ikibonyea kidogo, vyuma vya ndani vinafungua vali ya pampu, oili inaingia kwenye silinda ya lifti, plau inapanda kiasi. Mzigo ukipungua, vali inafunga. Wakati huohuo uzito wa plau na udongo uliolala juu yake unahamia magurudumu ya nyuma. Ndiyo maana trekta ya karibu tani moja na nusu, yenye nguvu za farasi zipatazo 45, inalima bila kufungiwa vyuma vya kuongeza uzito kila mahali. Lifti ikifa, unachobaki nacho ni trekta nyepesi inayoteleza na kula matairi.

Sasa kipimo. Mwambie muuzaji afunge plau ya diski tatu. Trela tupu halitoshi, na kijana kusimama juu ya mikono ya lifti hakupimi chochote. Injini iungurume robo saa ili oili ipate moto, maana oili baridi ni nzito na inaficha uvujaji. Chomoa dipstiki ya gia kwanza: oili ya gia, difu na haidroliki ni moja, zaidi ya lita 30. Ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi hupitia kwenye mpira uliopasuka chini ya wenzo wa gia, kwa trekta iliyolala nje masika yote bila turubai. Maji hayo yanatia kutu vali na pistoni za pampu, na kumwaga oili tu hakutibu kilichokwisha liwa.

Inua plau injini ikiwa katika mzunguko wa chini. Ipande kwa mwendo mmoja. Pampu ina pistoni nne, na ikipanda kwa kushtukashtuka ujue chumba kimoja hakisukumi. Ikiwa juu kabisa, zima injini, chora alama ya chaki ukutani usawa wa fremu, kaa dakika kumi. Kushuka vidole viwili kunavumilika. Ikifika chini ndani ya dakika moja, ringi au sili ya pistoni ya lifti imekwisha, au vali haifungi. Washa tena, weka plau katikati kwa wenzo wa pozisheni, ule wa kupanga kimo cha plau, usiguse kitu. Ikiitikia kwa kichwa kila baada ya sekunde chache, oili inavuja na pampu inahangaika kurudisha kilichopotea.

Kisha toa toplinki, shika yoki ya springi, kile chuma inapofungwa toplinki, kwa mikono miwili, sukuma na uvute. Isiwe na mchezo hata kidogo. Ikiwa nao, plau itacheza juu chini shambani na dereva atailaumu pampu, kumbe ni marekebisho ya dakika chache. Lakini ukikuta yoki imechomelewa isisogee, hiyo trekta imeacha kulima kwa drafti siku nyingi, na hujui nini kingine kiliguswa ndani.

Kwa nini madereva wanaiua drafti? Sababu ya kweli ni diski. Plau ya bapa huingia ardhini kwa umbo la ncha yake. Ya diski huingia kwa uzito wake mwenyewe. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijalainisha ardhi, dereva akiweka wenzo wa drafti juu kidogo tu, lifti inabeba plau na diski zinaparuza. Anaona mfumo ni mbovu, anaubana usifanye kazi. Dawa ni kushusha wenzo wa drafti zaidi, kuongeza uzito kwenye fremu ya plau, kuhakikisha diski zimekaa nyuzi 42 hadi 45 dhidi ya mwelekeo wa safari na zimelala nyuzi 15 hadi 25 kutoka wima, na zaidi ya yote kusubiri mvua mbili tatu. Anayelima ibambasi, ile ardhi ngumu ya Usukuma, ikiwa kavu kwa 135 anachoma dizeli kwa ajili ya kung'arisha diski.

Usawa nao una maana. Gurudumu la kulia likiwa ndani ya mtaro, sawazisha fremu kwa kishikio cha mkono wa lifti wa kulia, halafu rekebisha toplinki: ukiifupisha, diski ya mbele inakwenda chini zaidi, ukiirefusha, ya nyuma. Ukiona diski ya mwisho inaacha tuta refu kuliko wenzake, anzia hapo, usianze na nyundo.

Mashamba ya Usukuma yana jambo lake. Mstari mmoja unaweza kuanzia luseni, udongo wa kichanga, juu, karibu na mawe, ukapita ardhi ngumu katikati, ukamalizikia mbuga nyeusi bondeni. Drafti hushika mvuto uleule, si kina kilekile. Kwenye mchanga plau itazama, kwenye ardhi ngumu itapanda. Dereva mzuri husogeza wenzo anapovuka mpaka wa udongo. Bora zaidi, alime kukatisha mteremko, ambako udongo haubadiliki sana ndani ya mstari mmoja na mvua haipati njia ya kubeba shamba kulipeleka ziwani. Na mwamba ukijificha chini, toplinki ndiyo inayozuia pua kuinuka. Ulinzi huo unapotea ukivuta kisiki kwa mnyororo uliofungwa pale juu inapofungwa toplinki. Ukifunga juu ya ekseli, trekta inapinduka kinyumenyume kabla mguu haujafika kwenye klachi. Mnyororo ni kwenye kishikizo cha chini tu, na utingo asiwe juu ya madigadi.

Kazi ya kutarajia: diski tatu zinakata kama sentimita 75. Kwa kilomita 5 kwa saa, na robo ya muda ikipotea kwenye kugeuza, unapata ekari 0.7 kwa saa, yaani ekari tano hadi sita kwa siku ya saa nane. Hiyo ni luseni yenye unyevu. Ardhi ngumu, toa diski moja na uhesabu chini ya nusu ekari kwa saa. Atakayekuahidi ekari kumi kwa siku kwa 135 ama hapimi ekari au analima kina cha kukwangua.

Injini, kwa ufupi kuliko inavyozungumzwa. Ni Perkins AD3.152, silinda tatu, lita 2.5. Fungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma: moshi ukisukuma kwa mapigo, ringi na slivu zimechoka. Chungulia tundu dogo chini ya nyumba ya klachi. Oili nyeusi ikidondoka ni sili ya nyuma ya kranki. Oili safi ya gia ni sili ya shafti ya gia. Sili yenyewe ni ya bei ndogo, ila kuifikia lazima trekta ikatwe katikati, kwa hiyo ipunguze kwenye bei kama kazi ya siku mbili za fundi. Oili ya injini ni karibu lita 7. Uwazi wa vali ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi.

Pampu ya dizeli kwa kawaida ni CAV DPA, na hulainishwa na dizeli yenyewe, haina oili yake. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaikausha na kuisaga. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iliweka vinasaba (alama za utambuzi) kwenye mafuta kuanzia mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji huo, lakini dizeli ya madumu kijijini haina mlinzi. Chuja, acha dumu litulie usiku kucha, usimimine la chini. Ukiishiwa shambani, jaza tanki, legeza skrubu ya hewa ya filta, piga pampu ndogo ya dizeli kwa wenzo wake wa mkono hadi mapovu yaishe, kaza. Rudia kwenye skrubu mbili za pampu ya DPA. Kisha legeza nati za mabomba kwenye nozeli, akseli juu, piga stata hadi dizeli iruke, kaza. Wenzo wa mkono ukiwa hausukumi, zungusha injini kidogo: kamu ya pampu ndogo imesimama juu.

Filta ya hewa ya oili ijazwe hadi alama, si zaidi. Ikizidi injini inaivuta na kuichoma kama mafuta, na inaweza kukimbia hata ukiizima.

Klachi kwa kawaida ni ya hatua mbili. Bonyeza nusu: trekta isimame, PTO (shafti ya nyuma inayozungusha mashine) iendelee. Bonyeza hadi chini: PTO na pampu ya lifti visimame. Hatua zote mbili zikitokea pamoja, mashine ya kupukuchua mahindi itakusumbua kila mara unapobadili gia. Shafti ya PTO inazunguka mara 540 kwa dakika, kasi iliyotokana na kiwango walichokubaliana wahandisi wa Marekani miaka ya 1920, ndiyo maana kipukuchuzi cha kiwanda chochote kinaingia. Kifuniko chake cha plastiki kikiwa kimevunjika, nunua kingine siku hiyohiyo. Kitenge au koti likinaswa halikupi nafasi ya pili.

Breki ni za dramu, kavu. Sili ya nusu-ekseli ikivuja, upande mmoja unashika na mwingine unateleza. Jaribu zikiwa zimefungwa pamoja, kwenye barabara.

Kuhusu Multi-Power, ile swichi ya mwendo wa juu (H) na wa chini (L): kwa milima ya Mwanza hatuipendekezi. Ukiwa L, trekta inateremka huru bila injini kuizuia, na trela la magunia ya mpunga likikusukuma umebaki na breki tu. Klachi yake ikifa, H haivuti kabisa. Gia za kawaida, sita mbele na mbili nyuma, zinatosha.

Kwa majaruba yenye maji, 135 si chombo. Inazama kwenye mbuga, maji yanaingia kwenye breki. Difloki, pedali inayofunga magurudumu ya nyuma yazunguke pamoja, inasaidia ukiikanyaga kabla gurudumu halijachimba shimo, na uiachie kabla ya kukata kona. Mwenye majaruba tu anunue pawatila. Mwenye pamba na mahindi juu na mpunga chini alime majaruba mapema, udongo ukiwa na unyevu lakini haujashika maji.

Ikifeli kipimo cha lifti na injini ni nzima, bado inanunulika, kwa sharti bei ishuke kwa gharama ya pampu kamili, sili, na oili mpya yote. Vipuri vingi madukani mjini ni vya India na Pakistan, na huko Pakistan ndugu yake, MF 240, imeundwa kwa wingi. Vingi vinaingiliana, vingine vinapishana kwa nyuzi au urefu. Beba kipuri cha zamani mkononi, kilaze kando ya kipya juu ya kaunta, na usilipe kabla hujahesabu meno.