Programu za pombe za mtandaoni: ipi iwafae mwaka wa kwanza wa Mwanza?

Mshauri wa wanafunzi anayetafuta programu ya kuwafundisha kuhusu unywaji wanafunzi wapya wa vyuo vya Malimbe au Bugando atakutana mapema na mbili za Marekani: AlcoholEdu, na eCHECKUP TO GO ya San Diego State University. Kwa hapa tungechukua ya pili. Ni fupi, na mwanafunzi akishajaza anachokunywa, hapo hapo anaonyeshwa amesimama wapi akilinganishwa na wenzake. Hapo ndipo penye nguvu, maana mgeni chuoni hudhani kila mtu anagida kuliko ilivyo kweli.

AlcoholEdu ni kozi hasa, ina sehemu mbili, na video zake zinakula bando. Utafiti wa vyuo 30 vya Marekani uliochapishwa 2011 ulikuta unywaji umepungua muhula wa kwanza. Muhula wa pili tofauti ikafutika. Ukifundisha wiki ya mapokezi tu, Machi usishangae kuona wamerudia kunywa.

Hesabu ndiyo inayopotosha. Kipimo kimoja cha pombe cha Marekani, ambacho programu hizi huhesabia, ni gramu 14 za alkoholi. Bia yetu ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, na Konyagi ndogo ya mililita 200, kwa asilimia 35, ina gramu 55, yaani karibu vipimo vinne. Binti akinywa bia tatu ndani ya saa mbili ameshavuka vipimo vinne, ambavyo Wamarekani wanaviita ulevi wa kupindukia kwa mwanamke. Akijaza "tatu", programu inamwona yuko salama. Bandikeni jedwali la chupa zetu kabla hajaanza kujaza. Gongo isiingizwe kabisa. Nguvu yake haijulikani.

Sehemu ya dharura nayo iandikwe upya, 911 haipokelewi Nyegezi. Aliyezima alazwe ubavu, asiachwe peke yake, na asipakiwe bodaboda: itafutwe bajaji au gari. Ongezeni na ziwa, maana kuogelea umelewa kwenye miamba ya Malimbe hakumo kwenye kozi ya mtu wa California.

Bajeti ikigoma, AUDIT, dodoso la unywaji la WHO, ni bure: maswali 10, ina tafsiri ya Kiswahili iliyopimwa hospitali ya KCMC Moshi, na alama 8 kwenda juu aonwe na mshauri. Fomu isidai jina wala namba ya usajili; mwachieni namba ya simu ya mshauri apige mwenyewe. Anayemwogopa mlezi wa wanafunzi atajaza sifuri mwanzo mwisho.