Simu juu ya ugoko: miezi miwili ya kupima goti langu

Nilidondoka na bodaboda, pia ya goti la kulia ikapasuka, nikakaa na hogo wiki sita. Siku lilipofunguliwa, goti lilikunja nyuzi 35, basi. Goti zima hufika 135 hadi 140.

Kliniki naenda mara moja kwa wiki, kwa hiyo dada wa fiziotherapia akanishauri nijipime nyumbani na programu ya bure ya simu, ile inayofanya kazi kama pimamaji ya fundi. Unakaa kitini, unarudisha kisigino nyuma mpaka goti ligome, unalaza simu kwenye mfupa wa ugoko, unasoma. Ugoko ukiwa wima ni 90. Ukipita hapo unaongeza.

Wiki ya tatu nikapata 104 kutoka 93. Nikapiga picha, nikamrushia mke wangu kazini. Kesho yake dada akanipima na rula yake ya mikono miwili: 94. "Kaka, jana ulikalia nini?" Stuli ya jikoni! Siku zote nilitumia kiti kifupi cha plastiki. Simu inajua mwinamo wa ugoko tu, habari za paja haina. Kwenye stuli ndefu paja linateremka, ugoko unaingia zaidi chini ya stuli, namba inapanda, na goti liko palepale.

Tangu hapo naiweka simu kwanza juu ya paja, nabonyeza sifuri, ndipo naihamishia ugokoni. Mahali ni palepale, nimepawekea alama ya kalamu. Kava natoa, maana langu lina pete nyuma na simu ilikuwa inayumba. Tofauti ya nyuzi 3 au 4 siifurahii wala siililii.

Kero ni matangazo, yanaruka katikati ya kipimo wakati goti linawaka moto. Halafu nikiinama kusoma, mguu unasogea. Namwita mwanangu asome yeye. Nilijaribu pia kupima shingo ikigeuka kushoto na kulia nikiwa nimekaa, ikawa vurugu: hapo simu inategemea dira, na kitanda changu ni cha chuma.

Jana simu ilisema 112, rula 110. Daladala napanda bila kushikwa mkono. Choo chetu cha kuchuchumaa bado kinanishinda, naendelea kuazima cha kukaa kwa jirani.