Samaki wa kupaka Malindi mjini, mpishi ni yuleyule na kuna sababu

Malindi shida yake mnaijua, leo hoteli fulani chakula kitamu, masika yakiingia watalii wanaondoka na mpishi anafutwa, ukirudi unapewa wali bokoboko. Hii ya karibu na soko sijaona hivyo hata. Changu anachomwa makaa na huku anapakwa tui zito la ukwaju mpaka ngozi inashika rangi, wali wa nazi unachambuka, mia sita tu unashiba. Feni moja tu ndo inazunguka, mchana joto jamani.

Sasa mimi nikamuuliza kaka anayehudumu mbona nyie hambadiliki, akanionesha karatasi kando ya mlango wa jikoni, ratiba ya zamu, chini sahihi mbili, ya tajiri na ya dada wa jikoni ambaye wafanyakazi walimchagua wenyewe kwa kura. Wana kamati ya watu watatu na tajiri hapangi zamu, likizo wala mgao wa bakshishi bila kukaa nao. Masika yaliyopita alitaka kupunguza watu, kamati ikasema heri kila mtu apunguziwe siku, na asifutwe mtu, basi wote wamo mpaka leo na tajiri hakuhangaika kufundisha wageni msimu uliporudi.

Ujerumani hii ni sheria kabisa, sheria ya mabaraza ya wafanyakazi ilianza 1920, leo penye watu 5 tu wana haki ya kuchagua, na kampuni ikipita watu 2,000 sheria ya 1976 inawapa nusu ya viti vya bodi ya usimamizi, ingawa kura zikifungana mwenyekiti, ambaye kwa kawaida ni wa wenye hisa, anapiga ya pili. Kwetu sheria ya usalama kazini ya 2007 inataka kamati palipo na watu 20 kwenda juu, lakini ni ya usalama tu, zamu na bakshishi haimo. Wachumi Freeman na Lazear walieleza 1995 kwa nini matajiri hawalianzishi baraza wenyewe, pato zima laweza kukua ila fungu la wafanyakazi nalo linakua, tajiri anahofia lake. Ndo maana huyu namsifu kwa dhati, hakulazimishwa na mtu.

Nendeni kabla ya saa saba samaki hajaisha. Jumatatu ya kwanza ya mwezi wanafungua saa nne, wako kikaoni, msigonge mlango.