Bluu Jumamosi, kijani Jumatano: uzoefu wangu na bwawa la apatimenti, Mbezi Beach

Bwawa ndilo lililonileta hapa. Vyumba ni vya kawaida na jiko ni dogo, lakini tulikuja kuangalia Jumamosi asubuhi, maji yanameta, na wanangu wawili walikuwa wameshavua viatu kabla dalali hajamaliza kusema. Nikalipa kodi ya miezi sita, pamoja na sevisi chaji ya shilingi 120,000 kwa mwezi ambayo inahesabiwa kuwa ya ulinzi, taka, jenereta, ngazi na bwawa. Sasa nina miezi 14. Anayetaka kupanga kwenye kompaundi ya aina hii nitamwambia kitu kimoja tu: usiende kuangalia wikiendi, nenda Jumatano.

Jumatano maji ya hapa yana rangi ya mchicha uliochemka. Ukisimama ukingoni upande wa kina kirefu huoni chini. Hilo lenyewe lingetosha kulifunga bwawa, maana mtoto akizama pale hata aliyekaa mita mbili hatamwona. Ngazi ya chuma inacheza, vigae vitatu vimebanduka, na vidole vya miguu vya watoto wa hapa vinajua ni vigae gani.

Ijumaa jioni kijana wa bwawa anakuja na ndoo ya klorini ya unga, anamwaga kwa makopo bila kupima chochote. Kumwaga jioni yuko sahihi, jua la Dar linaimaliza klorini kwa saa chache. Maji yakiwa mabaya sana anaongeza mrututu, ile chumvi ya shaba ya bluu. Asubuhi yake bluu imerudi na harufu inapanda hadi kwenye varanda yangu ghorofa ya pili. Majirani wanasema, “Leo dawa ipo.” Na mimi niliamini hivyo, hadi mwanangu mdogo alipopata sikio la kutoa maji, na daktari akauliza kabla hata hajaliangalia, “Anaogelea wapi huyu?”

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kusoma. Harufu ile kali siyo dalili ya usafi. Ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mikojo ya watu, haina nguvu tena, na ndiyo inayowasha macho. Bwawa lililotunzwa halinuki hivyo. Mrututu nao unaua mwani na kuyapa maji rangi nzuri, lakini kazi ya klorini hauifanyi. Nikanunua vijikaratasi vya kupimia. Klorini inatakiwa iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita; Jumatano karatasi yangu haikubadilika rangi hata kidogo. pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, inatakiwa 7.2 hadi 7.8, ya kwetu ilikuwa imepita 8 hata Jumamosi, na pH ikifika huko sehemu kubwa ya klorini inalala tu. Unga wenyewe unaipandisha zaidi. Kwa hiyo kila Ijumaa kijana anamwaga hela majini.

Nikamuuliza kwa nini asifanye kidogo kidogo kila siku. “Dada, hata nikifanya, pampu haizunguki. Nimeambiwa niwashe kwa saa mbili tu, Luku inaisha.”

Kumbe kisa chote kiko kwenye Luku, umeme wa kulipia kabla. Bwawa letu ni kama mita 12 kwa 5, kina cha wastani mita moja na nusu kasoro, yaani lita 84,000 hivi. Pampu imeandikwa kilowati 1.1 na mita za ujazo 12 kwa saa. Inahitaji saa saba kuyapitisha maji yote kwenye chujio mara moja. Kwa saa mbili, zaidi ya theluthi mbili ya maji hayajagusa chujio siku nzima. Kuiwasha kwa saa nane kila siku ni yuniti 9, na kwa bei ninayolipa mimi ndani, shilingi 350 na ushee kwa yuniti, haifiki 100,000 kwa mwezi. Tuko nyumba 24. Gawanya mwenyewe. Wanaokoa chini ya shilingi elfu nne kwa kila nyumba inayolipa laki na ishirini.

Niliiweka hesabu hii kwenye grupu la WhatsApp la wakazi. Meneja akajibu, “Wapendwa wakazi, suala linafanyiwa kazi,” kisha akatuma tangazo kwamba watoto waache kukojoa majini. Sawa, waache. Lakini aliyenisaidia ni mzee wa ghorofa ya chini, mstaafu aliyefanya kazi na injini za meli maisha yake yote. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, tukaenda naye kwenye chumba cha pampu. Akagonga geji ya presha ya chujio kwa kidole. “Mwanangu, hii ilikufa zamani.” Bila geji huwezi kujua mchanga wa ndani ya chujio umeziba lini, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akigeuza maji kuusafisha.

Masika bwawa lilifungwa wiki tano “kwa matengenezo”. Hakuna fundi aliyeonekana. Tuliona viluwiluwi vya mbu, kwenye jiji lililopata dengi 2014 na 2019.

Mwishowe wakazi tulichanga 5,000 kila nyumba, mzee akanunua geji mpya, na Luku ya pampu sasa tunanunua wenyewe. Pampu inawaka saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana. Kijana anaweka klorini kidogo kila jioni na anatumia vijikaratasi vyangu. Nilidhani atakereka, kumbe alikuwa anangoja mtu ampe. Wiki ya tatu tuliona chini Jumatano. Sevisi chaji haijapungua hata senti.

Nawapa nyota mbili, moja ya walinzi, nyingine ya kijana. Maji yalipokuwa meupe ndipo tulipogundua kwamba kifuniko cha tundu la kunyonyea maji kule chini hakipo, na haijulikani hakipo tangu lini. Tundu lile linaweza kumvuta mtoto nywele au mkono. Meneja ameambiwa mara nne. Hadi kiwekwe, wangu wanakaa ukingoni wakitazama wenzao.