Veeam Agent ya bure kwa kompyuta ya ofisi: ipime kwa flashi yake

Ofisi ndogo za Tanga, iwe ya wakala wa forodha jirani na bandari au ya mhasibu aliyepanga chumba kimoja Ngamiani, mara nyingi huwa na kompyuta moja inayobeba kila kitu. Mfumo wa forodha uko kwenye seva za serikali, huo haupotei hata mashine yako ikiungua. Kinachopotea ni vitabu vya Tally au QuickBooks (programu za uhasibu), ankara za Excel za miaka mitano, nyaraka zilizoskaniwa, barua pepe zilizokaa ndani ya Outlook, na ile draiva ya printa ya zamani ambayo hakuna anayekumbuka ilipatikana wapi. Diski ikifa, fundi anapiga Windows upya mchana mmoja tu. Hayo mengine ndiyo yanayokula wiki nzima, na sehemu yake hairudi kabisa.

Veeam Agent for Microsoft Windows, toleo la bure, inachukua picha, yaani nakala kamili, ya kompyuta nzima: Windows, programu, mipangilio na mafaili. Diski mpya ikifungwa, mashine inarudi ilivyokuwa jana yake. Kwa ofisi ya kompyuta moja ya Windows, hii ndiyo ningeiweka mbele ya nyingine zote za bure, ila kwa sharti moja zito: utengeneze flashi yake ya kuokolea siku hiyohiyo ya kufunga programu, na uiwashe kompyuta kwa flashi hiyo uone inafika wapi. Asiyefanya hivyo ana faili kubwa tu kwenye diski, hana bakapu.

Washindani wake wamepungua. Macrium Reflect ya bure, iliyopendwa sana na mafundi, ilifikishwa ukingoni Januari 2024. Kile chombo cha Windows chenyewe cha kutengeneza picha ya mfumo bado kipo ndani ya Control Panel kikiwa na jina la Windows 7, lakini Microsoft ilitangaza mwaka 2017 kwamba haikiendelezi tena na kuwashauri watu watumie bidhaa za wengine. Clonezilla ni imara na haina kelele, tatizo ni kwamba lazima kompyuta izimwe kwanza na mtu akae mbele ya skrini nyeusi kujibu maswali. Kazi inayodai mtu akae, katika ofisi yenye wateja mlangoni, hufanyika mara mbili kisha husahaulika.

Kufunga hakuna mashaka. Unajiandikisha kwa barua pepe kwenye tovuti yao, unapakua, unabofya. Ikikuuliza habari za leseni, kataa, na itaendelea kama toleo la bure. Ikikuambia uchomeke diski ya bakapu, ruka kwanza, uanze na flashi.

Flashi ya GB 8 inatosha, na itafutwa yote, kwa hiyo usichomeke yenye picha za harusi ya mtu. Kwenye dirisha la kuitengeneza kuna visanduku vya kuweka tiki. Cha draiva za kompyuta hiyo usikiache, na cha mipangilio ya mtandao pia kitakufaa kama bakapu zako ziko kwenye folda ya pamoja ofisini. Hapo kwenye draiva ndipo programu hii inapowashinda wengi. Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 huificha diski ya NVMe (SSD ya kisasa yenye kasi) nyuma ya kitu kiitwacho VMD. Ukiiwasha laptopu ya namna hiyo kwa flashi ya kuokota, inawaka vizuri kabisa, menyu inakuja, halafu orodha ya diski inatoka tupu. Watu huhukumu kwamba diski mpya ni mbovu na kuirudisha dukani. Diski haina kosa, iliyokosekana ni draiva ya Intel RST. Flashi iliyotengenezwa kwenye kompyuta hiyohiyo ikingali nzima inakuwa nayo tayari. Iliyotengenezwa kwa jirani haina uhakika huo.

Jaribio lenyewe ni la robo saa, na lifanyike bakapu ya kwanza, nitakayoieleza chini, ikishakamilika. Chomeka flashi, zima, washa huku ukigonga F12 kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP. Flashi ikijitokeza mara mbili kwenye orodha, chagua yenye neno UEFI (njia mpya ya kuwashia kompyuta), kwa sababu mashine iliyofungwa Windows kwa UEFI lazima irejeshwe kwa njia hiyohiyo, la sivyo picha itarudi na isiwake. Ingia "Bare Metal Recovery", chomeka diski ya nje, hakikisha unaiona bakapu pamoja na tarehe zake. Chagua njia ya mkono, "Manual restore", uangalie kama diski ya ndani imetajwa kwa ukubwa wake sahihi. Ukiiona, rudi nyuma, zima. Hadi hapo hakuna kilichoandikwa popote.

Sasa bakapu yenyewe. Programu inatoa njia tatu: kompyuta nzima, patisheni (vigawanyo vya diski) utakazochagua, au mafaili tu. Wengi huenda kwenye mafaili wakidhani wanaokoa nafasi, wanaweka tiki kwenye Documents na kuridhika. Huo ni mtego. Kwanza, njia hiyo haiwezi kurudisha Windows. Pili, TallyPrime na QuickBooks kwa kawaida huweka data zao chini ya folda ya Public, wala si kwenye Documents ya mtumiaji. Unaweza kufanya bakapu mwaka mzima na vitabu visiwemo hata siku moja. Chagua "Entire computer" uachane na kukisia. Faili kubwa zisizo na maana, kama ile ya kumbukumbu ya muda ya Windows, inaziacha yenyewe.

Diski ya nje iwe na nafasi angalau mara mbili ya ulichojaza kwenye C. Ifomatiwe NTFS. FAT32 haibebi faili lolote linalozidi GB 4, na faili la kwanza hapa litakuwa la makumi ya GB. Usitegemee sana ubanaji: skani za PDF na picha zimeshabanwa tayari, hazipungui tena. Angalia na tundu unalochomeka. Kwa USB 2.0, yenye kasi halisi ya kama MB 30 kwa sekunde, GB 200 huchukua karibu saa mbili. Diski ileile kwenye tundu la USB 3.0, ikienda MB 100 kwa sekunde, humaliza kwa dakika 35 hivi. Hiyo ni mara ya kwanza tu. Siku zinazofuata inachukua vipande vilivyobadilika.

Kuna jambo la kuelewa kuhusu vipande hivyo. Faili kubwa lenye mwisho wa .vbk ni msingi, na kila siku huongezwa dogo la .vib juu yake. Idadi ya siku ulizopanga ikipita, la zamani zaidi humezwa na msingi. Ni mnyororo: pete moja ikioza katikati, za siku za mbele yake haziaminiki. Kwa hiyo kila baada ya miezi miwili mitatu amuru bakapu kamili ya kujitegemea, ambayo hata toleo la bure linayo. Umeme ukikatika wakati wa kumezana ndiyo saa mbaya kuliko zote. Laptopu ina betri, inavumilia, ingawa diski ya nje yenye adapta yake ya umeme haitavumilia. Kompyuta ya mezani bila UPS wakati wa masika ni kamari.

Kuhusu ratiba, usiweke usiku wa manane. Ofisi zetu hufungwa jioni na swichi za ukutani huzimwa, wengine huchomoa kabisa kwa kuogopa radi. Saa saba mchana, watu wakiwa kwenye chakula, inafaa zaidi. Au tumia chaguo la kuanza mara diski inapochomekwa, ukiliunganisha na lile la kuitoa diski kazi ikiisha. Hilo la pili usilidharau: kirusi cha kufunga mafaili na kudai fidia hushambulia kila diski inayoonekana, na diski ya bakapu iliyoning'inia kwenye USB mwezi mzima inafungwa pamoja na nyingine. Hata hivyo kuitoa kwa programu si kuichomoa. Waya utoke.

Diski moja haitoshi. Nunua mbili, ya pili uisajili kwenye programu, na kila moja itakuwa na mnyororo wake. Moja ilale ofisini na nyingine nyumbani, na wiki ikiisha zibadilishane. Kwa kuwa itapanda bodaboda hadi Makorora au Raskazone, weka nenosiri la kufunga bakapu. Hata kama kompyuta yako imefungwa kwa BitLocker, lile kufuli la diski la Windows, data ndani ya bakapu inakuwa wazi usipoweka nenosiri lake. Na nenosiri hilo likipotea hakuna wa kukufungulia. Liandike kwenye karatasi pamoja na ile namba ya BitLocker yenye tarakimu 48, karatasi ikae mahali pengine, mbali na laptopu.

Hewa ya bahari nayo ina sehemu yake. Tundu la diski za nje nyingi za USB 3.0, lile jembamba lenye mabega mawili, hulegea na kushika kutu, halafu diski inapotea katikati ya kazi huku taa yake ikiendelea kuwaka. Kabla ya kuilaumu programu, badilisha waya, uweke mfupi. Diski ya akiba ikae kwenye kopo lenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Makosa mawili yatakutokea mapema. La kwanza linataja VSS, yaani ile huduma ya Windows inayogandisha diski kwa muda ili mafaili yaliyofunguliwa yanakilike. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika vssadmin list writers, utaona ipi imeshindwa. Mara nyingi kuwasha upya kompyuta kunamaliza, au C imejaa na inahitaji kupumua. Kwa QuickBooks na Tally, bora zifungwe wakati wa bakapu. Picha ya kitabu kilicho wazi ni sawa na kompyuta iliyozimika ghafla: kwa kawaida kitafunguka, ila huwezi kukiapia.

Kosa la pili ni zito: linasema data haisomeki, na linataja cyclic redundancy check. Hapa programu haina tatizo. Mara nyingi ni diski yako ya ndani inayoaga. Usiibonyeze irudie mara kumi, unaichosha bure. Nakili kwanza kwa mkono folda za vitabu na nyaraka, kisha ufungue CrystalDiskInfo, programu ya kuangalia afya ya diski, na kama diski si NVMe utazame mistari ya 05 na C5. C5 ikiwa na namba juu ya sifuri, kuna sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma. Agiza diski mpya. Chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski, ifuate baada ya kunakili, isitangulie, maana huilazimisha diski mgonjwa kufanya kazi kubwa.

Siku ya kurejesha, pa kuogopa ni hapa tu: skrini ya kuchagua diski gani iandikwe. Hapo kuna ya ndani na ya nje, na programu itafuta utakayoielekeza. Soma ukubwa na jina la mtengenezaji kabla ya kubofya. Kama diski mpya ni kubwa kuliko ya zamani, panua C palepale kwenye mpangilio wa patisheni, kwa sababu ile patisheni ndogo ya uokoaji ya Windows hukaa nyuma ya C na baadaye inakuzuia kupanua. Kwa ubao mama uleule, Windows hujitambua yenyewe. Ukirejesha kwenye kompyuta nyingine kabisa, huenda ikawaka, lakini leseni ya Windows iliyokuja na mashine ya zamani haihami.

Kuhusu kuweka kila kitu mtandaoni: piga hesabu. Kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 5, GB 200 ni karibu siku nne mfululizo, na OneDrive ya bure ni GB 5, Google 15. Weka huko folda moja ya vitabu, si picha ya mashine. Na kumbuka folda iliyosawazishwa ikifutwa huku, inafutwa na kule.

Kinachoudhi kwenye toleo la bure ni kwamba linaruhusu kazi moja tu ya bakapu. Huwezi kupanga picha nzima kila Ijumaa na folda ya vitabu kila saa. Hiyo ya pili itabidi uiachie File History ya Windows au bakapu ya ndani ya QuickBooks. Pia menyu zake zimeandikwa kwa lugha ya watu wa seva, na mhasibu wa kawaida atahitaji mtu wa kumpangia mara ya kwanza. Baada ya hapo, anachotumia zaidi ni kurudisha faili moja lililofutwa kwa bahati mbaya: unafungua bakapu ya juzi, unalitafuta kama kwenye folda ya kawaida, unalinakili. Dakika mbili.

Walio bado na Windows 10, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, wachukue bakapu kamili ya kujitegemea kabla ya kupanda kwenda 11. Printa ikigoma huko juu, wana njia ya kushuka.