Inveta kwenye mashine yangu ya kukereza mbao, miezi minane sasa

Wadau, hii inveta (sio ya sola, ni kile kiboksi cha kuendesha mota na kubadili spidi yake) wiki mbili za kwanza niliichukia kweli kweli, nikaita kimeo, kumbe kosa ni langu.

Mashine yangu ya kukereza ilikua na mota ya singo fezi yenye kapasita, ukitaka kubadili spidi unazima, unafungua kifuniko, unahamisha belti puli nyingine, bakuli moja tu unahamisha mara tatu nne mpaka unachoka. Nikapata mota ya thrii fezi ya kilowati 1.5, na kwa vile umeme wangu ni fezi moja wa volti 220 nikachukua inveta inayopokea fezi moja na kutoa tatu. Nikafunga, nikawasha, ikazunguka kimyaa, raha. Ile naweka patasi kwenye mti tu, mota ikasimama! Nikala mti kidogo kidogo, bado inasimama, nikajua hapa nimepigwa.

Fundi mmoja akaniuliza kitu kimoja tu, umefungua kile kiboksi cha mota? Sikua nimefungua. Ndani vibati vya kuunganisha koili vimefungwa nyota (nyota na delta ni namna mbili za kuunganisha koili za mota), na mota imeandikwa 220/380, yani nyota ni ya 380, delta ndo ya 220. Inveta hii ikipewa 220 inatoa 220, haipandishi, kwahiyo kila koili ilikua inapata kama volti 127 na nguvu ya kuzungusha ilikua theluthi tu. Nikahamisha vibati vitatu, nikaingiza ampea za delta kwenye parameta (mipangilio ya inveta), haijasimama tena mpaka leo.

Sasa spidi nageuza kwa kinobu huku mti unazunguka, belti nimesahau lini niliigusa. Na mota ikiwashwa moja kwa moja huwa inavuta hata mara 6 au 7 ya ampea zake, hapa inapanda taratibu kwa sekunde 5, taa hazipepesi. Msasa napiga kwa kuzungusha kinyume pia (ila kaza chaki, ile inayoshika mti, yangu iliwahi kuanza kujifungua, niliruka).

Kinachosumbua ni joto. Feni ya mota iko kwenye shafti ile ile, ukikaa Hz 15 (Hz ndo namba ya spidi kwenye inveta, kawaida ya mota ni 50) haipulizi kitu, nusu saa tu mota haishikiki. Mi nimeacha belti kwenye puli ya spidi ndogo na sishuki chini ya 25. Kupanda mpaka 70 inapanda, ila nguvu inapungua maana volti zimeishia 220 huku Hz zinaongezeka, kwa kazi ndogo ndogo sio mbaya.

Halafu nikajifanya mjanja nikaiambia isimame kwa sekunde 1 na gogo zito limefungwa, ikaandika volti zimezidi, ikaachia, gogo likaendelea kuzunguka lenyewe. Gogo linapopunguzwa kwa nguvu linageuza mota kua jenereta na umeme unarudi ndani ya inveta. Nimeweka sekunde 8, anayetaka haraka zaidi afunge rezista ya breki, inaula huo umeme unaorudi.

Kijitabu chake hovyo, Kiingereza cha kubahatisha, kwenye alama nimeipunguzia nyota moja kwa hilo. Ule mlio mwembamba wa mota ulinikera, nikapandisha kerya (kasi ya inveta kukatakata umeme) kutoka kHz 4 mpaka 8 ukapungua, inveta yenyewe ikawa na joto zaidi kidogo. Vumbi la mbao nalo liliziba feni yake mwezi wa kwanza, sasa nimeihamishia ukutani mbali na mashine. Ukitaka kuisafisha zima na usubiri kama dakika 10, kapasita za ndani zinatunza umeme, zina volti 310 hivi na haziishi papo hapo.

Wanaouliza kama inaendesha ile mota ya kapasita, hapana, hii ni ya thrii fezi. Na swichi ya zamani ya mashine usiiache katikati ya inveta na mota, ukikata huku inazunguka unaweza kuiua inveta. Yangu nimeihamishia kwenye taminali za kuwashia za inveta, nyaya mbili tu, na bado naizima kwa kiganja kama zamani.